Neno Tulilolifukuza Bandani

Mbuzi hawana barua ya kustaafu. Siku nilipofunga mlango wa banda kwa mara ya mwisho hakuna aliyenipigia makofi wala kunipa saa ya ukutani. Beberu alinitazama akiwa anatafuna, kama anavyomtazama kila mtu. Nina miaka arobaini na sita, umri ambao wenzangu wengi ndiyo kwanza wanaikamata kazi vizuri, na mimi mgongo na magoti yameshanitoa kazini.

Naandika haya kwa ajili ya Marwa na mkewe Ester, waliowachukua mbuzi wetu kwenda Nyambureti, na kwa wenzao wa kikundi wanaofuga mume na mke. Habari za bei na faida mtaambiwa na wengine wanaozipenda. Mimi nitaeleza kazi, na nitaeleza hofu, kwa sababu kuna kipindi vitu hivyo viwili kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Kabla ya mbuzi nilikuwa mtu wa njia. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na cheti cha kawaida na miguu isiyotulia. Nilibeba mizigo Sirari mpakani, nikafua mashuka kwenye kambi ya watalii Serengeti, nikasaga mawe kwenye machimbo madogo upande wa Genkuru mpaka nikawa nakohoa vumbi. Kila mahali nilikaa hadi nilipoanza kuyajua majina ya mbwa wa jirani, kisha nikaondoka. Nikiwa huku nilikumbuka kule, nikirudi kule nilikumbuka huku. Mama yangu alikuwa anasema nilizaliwa siku ya kuhama.

Yusta nilimkuta Nyambureti, kwa baba yake, Mzee Malogo. Mzee ni mtu wa Dodoma, aliletwa na serikali kuwa bwana mifugo, akastaafu akabaki hapo hapo na mbuzi sita wa maziwa. Mimi nilikwenda kumjengea uzio, nikaishia kumposa binti. Mzee aliniuliza swali moja ambalo sikulitegemea: "Unaweza kuamka saa kumi na moja kila siku ya Mungu, Krismasi na Pasaka zikiwemo?" Nikasema naweza. Nilidanganya, na yeye alijua.

Siku yangu ya kwanza ya kukamua nilivuta chuchu kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Mbuzi akapiga teke, kopo likaenda upande wake na mimi upande wangu. Mzee hakucheka.

"Mkwe, maziwa hayavutwi, yanabanwa. Funga huku juu kwa vidole viwili ili yasirudi. Halafu shusha vidole vingine kimoja kimoja, kama unahesabu."

Nilihesabu hivyo miaka kumi na mitatu. Hata leo nikikaa kwenye foleni ya hospitali vidole vyangu vinahesabu vyenyewe, na jirani yangu kwenye benchi anasogea kidogo.

Mzee alinifundisha pia kikombe cheusi: matone ya kwanza ya kila chuchu yanaingia humo, na ukiona mabonge au uzi wa damu, mbuzi huyo anakamuliwa mwisho na maziwa yake yanamwagwa. Alinifundisha kuchemsha kitambaa cha kuchujia, si kukisuuza tu. Alinifundisha kwamba mbuzi anayezaa hashikwi kwa mikono mitupu. Kama huna glavu, vaa mifuko ya nailoni hadi kwenye kiwiko. "Akizaa vizuri, ogopa kidogo," alisema. "Akizaa vibaya, ogopa sana." Siku ya harusi yetu alitupatia keni la bati lenye mfuniko na bonde ubavuni, alilokuwa akilitumia tangu ujana wake. Likumbukeni keni hilo.

Tulihamia pembezoni mwa Turwa, Tarime, mahali ambapo mji unaishia na mashamba ya migomba na mahindi yanaanza. Tukajenga banda la kichanja, tukapanda matete, tukaanza na mbuzi watatu. Kazi tuligawana bila kuandika popote. Asubuhi Yusta anakamua, maana mbuzi walipenda mikono yake, na mimi nafagia, nalisha, nachemsha maziwa na kuyapeleka kwa wateja kwa baiskeli. Jioni mimi nakamua, yeye anachemsha. Hatukuuza maziwa mabichi hata siku moja. Watu wa mjini walituchagua kwa hilo: unapokea chupa, unakunywa.

Kati ya banda na jiko kuna hatua kama ishirini, na mtu aliyekaa chini ya mbuzi hawezi kuinuka kila saa. Kwa hiyo Yusta alikuwa anaita, "Tayari!" Maana yake ilikuwa moja: nimemaliza kukamua, njoo uchukue ukachemshe. Nilikuja, nikachuja, nikabandika sufuria, nikasimama hapo mpaka maziwa yapande mara mbili. Kwa miaka mingi neno hilo moja lilitutosha.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda walinitania sana siku za mwanzo.

"Mura, hivi ng'ombe walikukosea nini?"

"Hawajanikosea. Mbuzi ndio walioniomba."

"Na mama ndiye anakutuma kupika maziwa?"

"Yeye anakamua, mimi napika. Wewe kwako unafanya kipi?"

"Mimi nakunywa," akajibu mmoja, wakacheka hadi pikipiki ikaanguka.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwepo Mwalimu Rehema. Alipangiwa shule ya msingi ya jirani akitokea Lindi. Mumewe, mwalimu pia, alikuwa bado kule akisubiri uhamisho. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, na baridi ya Tarime ilimfanya avae masweta mawili. Yusta ndiye aliyeniambia kuwa ni mjamzito, na kwamba hii ilikuwa mimba yake ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika. Chakula kilikuwa kinamkataa, lakini maziwa ya mbuzi yalikuwa yanakaa tumboni. Kila asubuhi alinipokea mlangoni, akamimina kikombe kimoja, akanywa akiwa amesimama, akanirudishia chupa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na kosa linaanzia mbali kidogo na siku yenyewe.

Mwaka huo miguu ilianza kuniwasha. Rafiki yangu wa zamani wa machimboni alinipigia simu, nikamwambia Yusta naenda Genkuru siku tatu kusalimia. Nilikaa wiki tano. Sitasema nilikuwa nafanya nini, kwa sababu sikuwa nafanya kitu. Nilikuwa nakaa na watu niliowahi kukaa nao, tukikumbuka watu wengine tuliowahi kukaa nao. Wiki hizo tano Yusta alikamua, akachemsha, akapeleka, na mtoto wetu Bhoke akaenda chekechea sare ikiwa imenyooka. Niliporudi hakugomba. Alisema tu, "Jiko nimeshalizoea. Wewe utapeleka."

Tukaanza mgawanyo mpya. Yusta anakamua na anachemsha, maziwa yakipoa anayarudisha kwenye keni, anaweka keni kwenye benchi la mlango wa jiko, anaita, "Tayari!" Mimi najaza chupa naondoka. Neno ni lile lile, ila lilikuwa limehama kutoka bandani kwenda jikoni. Hatukukaa chini hata dakika moja kuambiana kwamba limehama. Miezi miwili ikapita salama.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Yusta alikuwa ameshakamua wanne alipomwona Shangazi anajikaza. Shangazi alikuwa mbuzi jike mkubwa, mwenye tabia ya kuwapangia wenzake pa kulala, na mimba yake ilikuwa bado mwezi mzima. Yusta alikimbia na keni, akaliweka kwenye benchi la jiko, akakimbia kurudi bandani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakwangua tope kwenye baiskeli. Nikasikia:

"Baba Bhoke! Maziwa tayari! Mimi niko na Shangazi!"

Nilikuja. Jiko lilikuwa linawaka, juu yake sufuria ya maji ya kusuuzia chupa. Nikashika keni ubavuni, pale penye bonde. Lilikuwa la vuguvugu. Nawaambia, vijana: joto la maziwa yanayotoka kwenye kiwele, na joto la maziwa yaliyoshuka motoni yakapoa, mkononi mwa mtu mwenye haraka ni joto moja. Nikajaza chupa.

Chupa ya kwanza ilikwenda kwa mama wa mgahawa, yeye anapikia chai. Ya pili kwa mzee mmoja mstaafu, naye anapikia chai. Ya tatu kwa Mwalimu Rehema. Akamimina kikombe, akanywa chote bila kupumzika, akafuta mdomo.

"Leo matamu," akasema. "Mmewalisha nini?"

"Matete yale yale, Mwalimu."

"Basi ni mikono ya mama Bhoke."

Akamimina nusu kikombe kingine, akanywa.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Bandani nilimkuta Yusta amepiga magoti, mikono imevikwa mifuko ya nailoni, na kitoto kimelala kwenye majani, kimekufa, manyoya yake bado machache. "Vaa mifuko unisaidie," alisema. Nikasema hakuna muda. Nilikibeba kile kitoto kwa mikono mitupu, na kondo lilipotoka nikalibeba pia, nikaenda kuvitupa pembeni ya shimo la taka mpaka tujue la kufanya.

Tulikuwa tunanawa kwenye karai moja. Yusta akasema, "Umeyashusha maziwa? Yasije yakamwagikia jikoni."

"Maziwa gani?"

"Ya asubuhi. Si nilikwambia tayari?"

"Si uliniambia tayari. Nimeshapeleka."

Aliacha kunawa. "Umepeleka mabichi?"

Niligeuka kuliangalia benchi la jiko.

"Mwalimu?"

"Amekunywa mlangoni. Kikombe na nusu."

Yusta alikaa chini kwenye tope, na gauni lake la kanisani, maana ilikuwa zamu yake ya kufagia kanisa siku ile. Sikuwahi kumwona akikaa chini bila kazi mkononi.

Tulimpigia baba yake. Simu ilishikwa na mimi, kwa sababu Yusta alikuwa bado amekaa chini.

"Ni wa ngapi kutupa mimba mwaka huu?" Mzee Malogo akauliza.

"Wa kwanza, mzee." Halafu nikakumbuka. "Hapana. Malkia naye alitupa mwezi uliopita. Tulisema aliteleza kwenye kichanja."

Mzee alishusha sauti. "Mkwe, mara moja ni bahati mbaya. Mara mbili ni ugonjwa, na jina lake unalijua. Mwite bwana mifugo achukue damu ya mbuzi wote. Kitoto na kondo vichome moto, halafu vifukie, mbwa asifike. Ulivaa mifuko?"

"Nilivaa," nikasema.

Yusta alinitazama.

"Kuna mtu amekunywa mabichi?"

"Mwalimu mmoja. Mjamzito."

"Sasa mimi unanipigia wa nini?" alisema mzee. "Nenda kwake."

Ugonjwa wenyewe hospitalini wanauita brusela. Sisi wafugaji tunauita kwa kazi yake: ugonjwa wa kutupa mimba. Unakaa kwenye maziwa mabichi na kwenye uchafu wa uzazi, na haumwachi mbuzi peke yake. Unaingia kwa mtu. Haya nilikuwa nayajua tangu Nyambureti, nimekariri kama sala. Kilichonishinda ni kufikiria nimesimama mbele ya mwanamke aliyepoteza mimba mbili, nikilitamka jina hilo kwa kinywa changu.

Begi langu la Genkuru lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango. Nililitazama mara moja tu, lakini mtu uliyeishi naye anajua unavyotazama.

"Mguu unakuwasha?" Yusta akauliza.

"Naenda kwa Mwalimu."

"Nenda. Ukitoka huko mguu ukupeleke unakotaka, sitakushika. Ila pita kwake kwanza."

Nilipofika barabara kuu nilisimama, mguu mmoja chini. Wapiga debe walikuwa wanaita Sirari, bado mmoja. Hata sikuhitaji begi. Nimewahi kuondoka sehemu tatu bila begi. Mwili wote ulikuwa umeshageukia upande ule, na ninaandika hili kwa aibu: nilikuwa napanga nitaiacha baiskeli kwa nani. Nikashika kikapu cha baiskeli kushuka, na chupa ikagongana na chupa. Ilikuwa chupa ya Mwalimu. Chini yake palikuwa na maziwa kidogo, yameanza kuganda kwa jua. Nikapanda tena baiskeli.

Nilisimama nje ya darasa nikisubiri kipindi kiishe. Watoto walikuwa wanasoma kwa pamoja majina ya mifugo na watoto wao: ng'ombe ndama, mbuzi kitoto. Mungu naye ana utani wake. Mwalimu alitoka na chaki mkononi, anacheka.

"Baba Bhoke! Umesahau nini?"

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, ingawa namzidi miaka zaidi ya kumi.

Kicheko kikapungua. "Kuna nini?"

"Maziwa ya leo yalikuwa mabichi. Tulipishana maneno na mama Bhoke."

"Ndiyo maana matamu." Bado alikuwa anatabasamu.

"Leo kuna mbuzi ametupa."

"Ametupa nini?"

Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa na damu kavu. "Mimba."

Alibadilisha chaki mkono. "Ni ugonjwa?"

"Bado hawajapima, Mwalimu."

"Sikuuliza wamepima lini. Una jina?"

"Una jina baya."

"Baba Bhoke, mimi nafundisha watoto kutaja vitu kwa majina yake. Taja."

Nikataja. Maneno yale manne yalinichukua muda mrefu kuliko kumkamua mbuzi mpaka mwisho. Mwalimu alishika mlango. Ndani watoto walikuwa wameanza kupiga kelele, na hakugeuka.

"Wawili wa kwanza," alisema mwishowe, "hakuna aliyeniambia sababu. Daktari alisema hutokea. Mama mkwe akasema mambo yake. Wewe umekuja na sababu kabla." Akavuta pumzi. "Sikushukuru. Usifikiri nakushukuru."

"Hapana, Mwalimu."

"Naenda hospitali sasa hivi. Na nataka kitu kimoja kutoka kwako. Mume wangu yuko Lindi, simu inakatika katikati ya maneno. Kila asubuhi utakuja kuniuliza nimeamkaje. Kila siku, mpaka nijifungue. Sitaogopa peke yangu kitu ulichonipa wewe. Utaogopa na mimi."

Huo ndio ulikuwa mkataba mgumu kuliko yote niliyowahi kufunga, na haukuwa na karatasi. Miezi minne na siku kadhaa. Mimi, mtu wa wiki tatu hapa na wiki tano pale.

Hospitali walichukua damu yake, haikuonyesha kitu. Wakamwambia arudi baada ya wiki kadhaa, maana ugonjwa huu unaweza kujificha kwanza; akipata homa yoyote, aje siku hiyo hiyo. Kwa hiyo hatukupewa jibu, tulipewa kusubiri. Bwana mifugo wa wilaya alikuja akachukua damu ya mbuzi. Tulisimamisha kuuza maziwa.

Yusta aliona nimeanza kukonda, akasema hii nayo ni kazi kama nyingine, tugawane. Asubuhi nilikwenda mimi, jioni akaenda yeye. Tulipokezana habari mlangoni kama watu wanaopokezana zamu ya ulinzi.

"Ameamkaje?"

"Kichwa kinamuuma."

"Kichwa cha homa au cha kelele za watoto?"

"Sikuuliza."

"Rudi ukaulize."

Nikarudi. Kilikuwa cha kelele za watoto.

Niliogopa kila kitu. Nikiona pazia la Mwalimu halijafunguliwa, nilishuka kwenye baiskeli na kuisukuma. Akinijibu haraka niliogopa anaficha, akikawia niliogopa ameanguka. Yeye naye hakunionea huruma. Siku nyingine alifungua mlango akasema, "Hajacheza tangu jana jioni," kisha akanitazama usoni, na tukakaa, yeye kwenye kiti na mimi kwenye ngazi, mpaka akashika tumbo: "Huyo." Ndipo akaniruhusu kwenda kukata matete.

Majibu ya mbuzi yalipokuja, Malkia na Shangazi walikuwa nao ugonjwa. Walichinjwa na kufukiwa mbele ya bwana mifugo. Shangazi alikwenda mwenyewe bila kuvutwa, akimtangulia mwenzake kama kawaida yake. Yusta hakutoka nje siku ile.

Damu ya pili ya Mwalimu ilikuwa safi. Tungefurahi, lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kulowa. Jioni mwili unachemka, shati linalowa kama nimenyeshewa, asubuhi niko mzima isipokuwa mgongo na magoti. Nikameza dawa za malaria kwa akili yangu. Sikumwambia Yusta, kwa kuwa nilishadanganya kuhusu mifuko, na uongo mmoja unakulazimisha kuulinda.

Aliyeniona ni Mwalimu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi yake.

"Unatetemeka," akasema.

"Baridi ya Tarime, Mwalimu."

"Mimi ndiye ninayesemaga hivyo, na leo nimevua sweta." Alisogea. "Yule mbuzi ulimshika na nini?"

Sikumdanganya. Nilishachoka.

"Kwa mikono mitupu," nikasema.

Akaanza kucheka, kicheko chake kile cha zamani ambacho sikukisikia miezi miwili, na machozi yakamtoka. "Kumbe mimi naogopa hapa na wewe ndiye unaumwa! Ondoka. Nenda hospitali. Na kesho usije. Kesho mimi ndiye nitakuja kukuuliza umeamkaje."

Na kweli alikuja, na tumbo lake, amejifunga kanga juu ya sweta. Nilimeza vidonge wiki nyingi. Yusta alinihesabia, hakunilaumu; alisema tu, siku ya kwanza, akiniwekea maji, "Nilikuona unamwambia baba ulivaa." Hiyo ilitosha.

Mwalimu alijifungua hospitali ya mjini, asubuhi, kabla mumewe hajafika kutoka Lindi. Mimi na Yusta tulikuwa kwenye benchi la nje. Vidole vyangu vilikuwa vinahesabu, Yusta akaushika mkono wangu ili utulie, halafu vya kwake vikaanza. Muuguzi alitoka akauliza, "Nani baba wa mtoto?" Tukasimama wote wawili. Alituangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Ni wa kike. Amelia vizuri." Yusta alimkumbatia yule muuguzi, hadi kofia ikamdondoka.

Baada ya hapo tulifuga miaka mingine saba. Tulianza upya na mbuzi waliopimwa, na hakuna mbuzi aliyeingia bandani kwetu bila damu yake kupimwa kwanza. Glavu zilining'inia pale lilipokuwa begi langu. Lakini badiliko kubwa lilikuwa dogo: neno lile tulilifukuza. Bandani tukaita, "Mabichi!" Jikoni tukasema, "Yamechemka." Kama mmoja amesema vingine, mwingine hagusi keni. Vijana mnaofuga mume na mke, nawasihi mkague maneno yenu kama mnavyokagua kwato. Mnapobadilishana kazi, kaeni chini mwulizane kila neno sasa linamaanisha nini. Msidhani kwamba kwa kuwa mnalala kitanda kimoja mnasikia kitu kimoja.

Magoti na mgongo havikurudi kama zamani. Mwaka huu nimeshindwa kuchuchumaa, na Yusta amesema hawezi kugawana kazi na mtu aliyesimama kama nguzo. Ndiyo maana Marwa na Ester walikuja na gari kuwachukua mbuzi. Marwa alikuwa anamfunga beberu nyuma, akapiga ubavu wa gari, akapaza sauti, "Kamba tayari!"

Mimi na Yusta tuligeuka kwa pamoja. "Tayari ipi?" tukauliza, wote kwa mara moja. Yule kijana alituangalia kama wazee waliochanganyikiwa. Sasa, Marwa, unajua.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla gari halijafika, tulikamua mara ya mwisho, na mimi nikachemsha. Mtoto wa Mwalimu, Zuhura, alikuja na chupa yao. Yuko darasa la kwanza sasa, ana mapengo mawili mbele. Mama yake alimfundisha tangu alipoanza kutumwa kwamba kwetu, kabla ya kupokea chupa, lazima aulize neno moja, lakini hakuwahi kumweleza kwa nini. Mtoto anadhani ndiyo salamu ya nyumba hii. Nasikia amewahi kumsalimia hivyo hata muuza mikate.

Alisimama mlangoni, akashika chupa kwa mikono miwili.

"Yamechemka?"

"Yamechemka," nikamjibu.

Akapokea, akaondoka akirukaruka, chupa imebanwa kifuani. Nilimtazama mpaka alipokata kona. Maziwa yale nilikuwa nimeyachemsha mwenyewe, yakapanda mara mbili mbele ya macho yangu. Hata hivyo nilirudi jikoni nikaigusa sufuria.